Mawe ya Mizani Ndani ya Ndege

Simu ya Salha ilining'inia kwenye msumari pembeni mwa mlango, kwa sababu katika nyumba nzima ni hapo tu mtandao uliposhika. Ukiishusha kidogo unakata. Ukiisogeza upande wa kitanda unakata. Usiku ule Salha alivuta kigoda akakaa chini yake, akajifunika khanga mabegani, akawa anaitazama kama mtu anayelinda mwizi aliyefungwa kamba.

Alikuwa akisubiri habari za Saada, mwanawe wa pekee. Ndege ilikuwa imemchukua mchana, na mimba yake ya miezi minane, miguu imevimba hata kandambili hazikuingia, kichwa kinamwuma mpaka anaona vimulimuli mchana kweupe. Fortunata, muuguzi wa zahanati, aliondoka naye akiwa ameshika chupa ya dripu juu. Aliahidi kupiga simu wakishafika hospitali Moshi. Jua lilizama, swala ya isha ikapita, simu kimya.

Halafu ikalia. Namba ilikuwa ngeni, na sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Naongea na mama yake Saada?"

"Wewe nani?"

"Napiga kutoka hospitali, mama. Binti yako tunaye hapa. Sasa kuna jambo tunahitaji..."

Salha hakungoja kuambiwa jambo lenyewe. Majuzi tu mtu kama huyo alimpigia mzee Loserian, akamwambia mwanawe amegongwa na pikipiki Same mjini, atume hela ya matibabu upesi, na huyo mwana alikuwa ameketi palepale anakunywa chai ya baba yake. Salha akakata. Simu ikalia tena, namba ileile. Safari hii alipokea ili amwambie yule mtu kwamba yeye ni mwizi, mama yake ni mwizi, na akatafute mjinga kijiji kingine. Kisha akaizima kabisa.

Alikaa vile na ushindi wake kwa muda mfupi tu, ndipo alipojiuliza yule mtu amelijuaje jina la Saada. Akaiwasha haraka. Mtandao ulikuwa umeshaondoka, kama ilivyokuwa kawaida yake mvua ikinyesha milimani.

Salha hakuzaliwa na wasiwasi huo. Aliufundishwa. Alizaliwa Same, nyumba za chini ya barabara kuu, baba yake Yunus akiuza vitenge na chumvi, mama yake akitokea juu Bombo, kwenye milima ya Upare. Shule aliishia darasa la saba. Akaolewa na Athumani, mfanyabiashara wa mnadani, ambaye siku ya mnada alinunua mbuzi na siku nyingine zote aliuza sukari. Wakavuka mto Ruvu, wakafungua duka Olmoti, kijiji cha wafugaji kilichoko mbali na lami, kwa sababu huko hakukuwa na duka jingine.

Athumani alimfundisha kutoitazama sura ya mtu anayepima. Tazama mguu wake, alisema, maana wapo wanaokanyaga mizani ya ng'ombe huku wanakuchekea. Tazama kidole gumba. Tazama chini ya sahani. Na mtu akitaka kukupimia kitu ambacho hukumwomba akipime, jiulize ananunua nini.

Athumani alipofariki, Salha alibaki na duka, na Saada, na mizani ya sahani mbili pamoja na mawe yake ya chuma, kuanzia la kilo tano hadi la robo. Mwaka mmoja alikwenda msibani Bombo akamwachia duka binamu wa marehemu. Aliporudi, wateja walikuwa wakinung'unika kwamba sukari imekuwa nyepesi. Aligeuza jiwe la kilo mbili, akakuta limetobolewa kwa chini na tundu limezibwa kwa nta. Binamu akarudishwa kwao siku hiyohiyo. Tangu hapo Salha hakusafiri tena bila mawe yake. Akienda msibani, mawe yanakwenda msibani. Akienda harusini, mawe yanakaa mapajani mwake wakati bibi harusi anaingia. Watu walimcheka, lakini hapakuwa na mtu Olmoti aliyesema sukari ya Mama Saada ni pungufu.

Sasa ndege. Ilikuwa ndege ndogo nyeupe, yenye panga moja mbele, ya watu wa misaada. Ilianza kuja baada ya mafuriko kuondoa daraja. Ilileta chanjo na dawa, ikachukua wagonjwa ambao Fortunata amewashindwa. Wanaume walifyeka kiwanja nyuma ya zahanati, wakasimika mti wenye kifuko cha kitambaa cha kuonyesha upepo, na kila ndege ikisikika, vijana wa Loserian walikwenda kuwatoa ng'ombe.

Wengine waliipenda. Salha aliitazama kutoka barazani kwake. Kilichomtia shaka ni kimoja tu: kabla ya kumpakia mtu, rubani alimpima. Alishusha mizani bapa, akaiweka chini, akamsimamisha mgonjwa juu yake, na anayemsindikiza, na hata kikapu cha kuku. Akitazama namba hakumwambia mtu. Aliiandika mkononi kwa kalamu.

Bibi zake Salha waliwahi kusimulia habari za mumiani, watu waliozunguka na magari usiku wakitafuta damu ya kuuza. Salha hakuwa mtu wa kuamini hadithi za bibi. Lakini mnadani alikuwa ameona wanyama wengi wakipimwa, na hakukumbuka hata mmoja aliyepimwa kwa faida yake mwenyewe.

Na rubani mwenyewe, Salha hakumwelewa. Kijana mtulivu, Tumainieli, mwenye adabu ya kupita kiasi. Mara ya kwanza alipokuja dukani kununua maji, Salha alimwuliza kwao wapi.

"Msangeni, mama, kule Upareni."

Salha akamsemesha Kipare kwa makusudi. Yule kijana akatabasamu, akajibu kwa Kiswahili. Msangeni gani hiyo, Salha alijiuliza, ambayo watu wake hawajui hata kuitikia salamu?

Saada alikuja kwa mama yake kujifungulia, kwa kuwa mumewe Abubakari alikuwa safarini na malori. Tangu aje, Salha aliona vitu vidogo vikihama dukani. Katoni ya viberiti aliyokuwa ameiacha juu ya rafu aliikuta juu ya ndoo ya zamani ya sukari, kule pembeni. Akairudisha. Kesho yake ikawa imehama tena. Mtu pekee aliyeingia na kutoka alikuwa Nasieku, jirani yake Mmaasai, aliyekuja kila jioni kumkanda Saada miguu. Salha alihesabu viberiti tu, vikawa vyote vipo, na hilo likamtia shaka zaidi.

Asubuhi ya siku ile Fortunata alipopima presha ya Saada, uso ulimbadilika. Alimvuta Salha nje akamwambia polepole kwamba hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, kwamba zahanati haina uwezo, na kwamba barabara haipitiki. Ameshaita ndege.

Salha alifungasha. Mfuko mmoja wa nguo za mgonjwa, kama alivyoambiwa. Halafu, peke yake chumbani, akafunga furushi la pili. Kwao Bombo mwanamke aliyejifungua hukaa ndani akilishwa na mama zake, hatoki mpaka mwili umerudi, na Salha hakuwa na nia ya kumwachia mwanawe uji wa hospitali. Akatia unga wa ndizi. Akatia dumu la samli na dumu la asali. Na kwa kuwa alikuwa anasafiri, chini kabisa akatia mawe ya mizani. Nguo za mtoto hakutia, kwa sababu hakuwa nazo. Kwao nguo za mtoto hazinunuliwi mpaka mtoto alie. Saada alikuwa amemwomba mara nyingi, na kila mara Salha alimkatalia.

Kiwanjani, Tumainieli alipima kila mtu. Alimsimamisha Saada huku Fortunata akimshikilia, akampima Fortunata, akampima Salha, akapima mfuko. Alitazama udongo uliolowa, akatazama migunga iliyokuwa mwisho wa kiwanja, akapiga hesabu mkononi mwake.

"Tumefika kikomo," alisema. "Tusiongeze hata chupa ya maji."

Makondakta wote wa mabasi husema basi limejaa, halafu ukiwa na kitu cha kuwapa nafasi inapatikana. Salha alingoja rubani aende kuzungumza na Loserian habari za ng'ombe. Furushi alikuwa ameliacha nyuma ya kichaka cha mnyaa. Akalichukua, akalisukuma chini ya kiti, akakaa, akatandaza baibui lake juu yake.

Ndege ikakimbia. Tope likaruka mpaka vioo vikawa vyekundu. Ikanyanyua pua, ikatua tena, ikanyanyua, ikatua, na migunga ikawa inakuja. Salha alimwona rubani akivuta kitu kwa nguvu. Ndege ikateleza, ikapiga kelele, ikasimama karibu kabisa na miti hata matawi yalionekana kila jani.

Tumainieli akashuka, akafungua mlango wa abiria, akauliza nani ameongeza kitu. Fortunata akamtazama Salha. Rubani akainama, akashika furushi kwa mkono mmoja, likamshinda. Akalivuta kwa mikono miwili na kulifungua kwenye nyasi. Unga. Samli. Asali. Akalishika jiwe la kilo tano, akaligeuza huku na huku.

"Mama, umepanda na mizani?"

"Mawe tu," Salha alisema. "Mizani nimeiacha."

Rubani alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kufokewa. Alisema breki zimechimba kiwanja, kwamba kipande cha mwisho sasa ni tope tupu na hawezi kukitumia tena, kwa hiyo lazima waruke kwa umbali mfupi zaidi, na kwa umbali huo hawezi kubeba watu wote. Muuguzi hawezi kushuka.

"Basi nipime tena," Salha alisema. "Sina kingine."

"Mara ya kwanza nilikupima nikakuamini."

Saada alikuwa amelala kwenye machela, macho ameyafumba. Akayafungua kidogo. "Mama, shuka," alisema. "Shuka twende."

Salha akashuka. Vijana wakaisukuma ndege kuirudisha mwanzo wa kiwanja, na safari hii iliruka mapema, nyepesi, ikapinda kuelekea milimani ikawa alama, halafu ikawa hakuna kitu.

Ndiyo maana usiku ule alikaa chini ya simu. Alijilaumu kwanza. Lakini Salha hakuweza kujilaumu kwa muda mrefu bila kumtafuta mtu wa kumsaidia kuubeba mzigo, na usiku ulikuwa mrefu. Akaanza kufikiri. Huenda ile ndege iliweza kuruka. Huenda rubani aliisimamisha kusudi. Alimtaka mama ashuke tangu mwanzo, maana mama ndiye shahidi. Alijua kabisa kwamba ni upuuzi, lakini kila alipoufukuza, ule upuuzi ulirudi ukiwa na ushahidi mpya. Kwa nini Fortunata hapigi? Kwa nini sauti ngeni? Na Msangeni ya watu wasiojua Kipare?

Kulipokucha, Nasieku aliingia na kibuyu cha maziwa. Alimkuta Salha ameegemea fremu ya mlango, simu mkononi imekwisha chaji. Akamwamkia, akamwuliza kama kuna habari, na Salha badala ya kujibu akamwuliza anatafuta nini kwenye viberiti vyake.

Nasieku akashangaa. "Viberiti? Mama Saada, mimi nyumbani kwangu moto haujazimika tangu niolewe. Kiberiti nifanye nini nacho?"

"Katoni inahama kila siku. Na anayeingia ni wewe."

"Na Saada je, yeye haingii?"

Salha alitaka kujibu kwamba Saada hana sababu ya kuhamisha viberiti, lakini Nasieku alikuwa ameinua mkono kumnyamazisha, amegeuza shingo kuelekea mashariki. Salha hakusikia kitu. Baada ya muda akasikia.

Aliingia ndani, akafungua furushi, akatoa jiwe la kilo tano na lile la kilo mbili, akayafunga kwenye khanga. Wakaenda kiwanjani pamoja, Salha mbele, karibu anakimbia.

Ndege ilitua mwanzoni kabisa mwa kiwanja ikasimama mbali na lile tope. Panga likazunguka, likapunguza kasi, likasimama. Milango ikabaki imefungwa. Vioo vya nyuma vilikuwa bado vina uchafu wa jana, huwezi kuona ndani. Salha alimwona rubani kwa mbele, ameinamisha kichwa, anagusa hiki na kile, kama mtu asiye na haraka ya kufika anakokwenda. Mtu mwenye habari njema, Salha alifikiri, angeshashuka. Nasieku akamshika kiwiko, naye akauacha mkono ule hapo.

Mlango wa rubani ukafunguka. Tumainieli akashuka peke yake.

"Shikamoo, mama."

Salha hakuitikia. "Mwanangu yuko wapi?"

"Hospitali. Walimfanyia upasuaji jana usiku. Yuko hai, na mtoto yuko hai. Wa kike. Ni mdogo sana, wamemweka kwenye joto. Simu ya Fortunata iliisha chaji, daktari akakupigia mwenyewe, walikuwa wanahitaji kujua kama Saada ana dawa yoyote inayomdhuru." Akatazama chini. "Ukamwita mwizi. Na mama yake pia."

Mahali pengine, siku nyingine, Salha angetafuta pa kujificha. Lakini alikuwa anamtazama mdomo yule kijana, halafu mikono, halafu miguu. Maneno yalikuwa mazuri, na maneno mazuri aliyauziwa mengi maishani mwake.

"Nitajuaje?" akasema. "Unasema wewe ni wa Msangeni na Kipare hukijui. Fortunata hayupo. Saada hayupo. Mlango umefungwa. Nitajuaje kama unasema kweli?"

Tumainieli hakukasirika. Alisema babu yake alihama Msangeni zamani, yeye amekulia Arusha, na Kipare anakisikia lakini ulimi unagoma. Kisha akakuna kichwa, kama mtu aliyepewa ujumbe asiouelewa na anaona aibu kuutoa.

"Saada alisema huwezi kuniamini. Akasema nikwambie nguo za mtoto zimo dukani, ndani ya ndoo ya sukari, chini ya katoni ya viberiti. Amesema alizinunua kwa siri. Amesema usikasirike."

Salha alisimama vilevile. Nasieku ndiye aliyeachia kicheko, kidogo, puani. Hakungoja kutumwa. Alikusanya shuka zake akaondoka mbio kuelekea dukani, na Salha, ambaye hakuwahi kumwachia mtu duka tangu binamu wa marehemu, akamtupia ufunguo.

Nasieku alirudi na kifurushi cha nailoni. Ndani mlikuwa na visweta viwili vya manjano, soksi ndogo kama vidole gumba, na kofia ya sufu yenye pompomu. Salha alikishika kile kikofia kwa muda mrefu. Siku zote hizo kilikuwa hatua chache kutoka kwenye mkono wake, na yeye akihesabu viberiti.

"Nimekuja kukuchukua," Tumainieli alisema. "Ninapita hapa kurudi Moshi. Saada hali chakula cha pale, anakutaka wewe. Unaweza kuja na unga wako, leo nina nafasi. Lakini lazima nipime, mama. Kila kitu."

Akashusha mizani bapa, akaiweka chini penye ardhi ngumu, huku kijana mmoja wa Loserian akikimbilia nyumbani kwa Salha kulileta furushi. Akarudi nyuma, amngoje apande.

Salha hakupanda. Alipiga magoti, akafungua khanga, akaliweka jiwe la kilo tano katikati ya mizani ile. Akatazama pembeni kama kuna mguu wa mtu. Hapakuwa na mguu. Akasubiri namba zitulie. Kisha akaongeza la kilo mbili, akasubiri tena.

"Inasemaje?" rubani akauliza.

"Saba," Salha alisema.

Akayaondoa mawe. Aliyashika kifuani kwa muda, kama anayapima kwa mikono, halafu akamgeukia Nasieku na kumpa, na furushi lilipofika akayatoa na yale mengine akampa pia, akamwambia ayarudishe dukani. Mtu akitaka sukari, ampimie. Nasieku aliyapokea kwa mikono miwili, akauliza kama anaweza kuyatoboa kidogo tu, na Salha akamwambia ajaribu aone.

Kisha akavua kandambili, akapanda kwenye mizani na furushi la unga na kifurushi cha nguo za mtoto, akasimama wima, mikono wazi, asishike mahali popote.

Tumainieli akatazama namba. Safari hii akaisoma kwa sauti, kisha akaiandika mkononi. Akazunguka kwenda upande wa abiria, akafuta tope kwenye kitasa kwa kiganja, akafungua mlango.